Neno "kilabu" linaficha nini?

Miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kilikopa kutoka Kiingereza na kuyafanya yake kabisa, ni machache yaliyosafiri mbali kama neno "kilabu". Kamusi zetu hulipa maana mbili. Ya kwanza ni chama cha watu wenye nia au mchezo mmoja. Ya pili ni mahali pa kuuzia na kunywea pombe. Hapa Keroka ninakofundisha, maana ya pili ndiyo iliyotawala. Ukisikia ikisemwa kwamba fulani "yuko kilabuni", huhitaji kuuliza kama ameenda kucheza mpira au kusikiliza mjadala wa mazingira.

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniuliza darasani swali lililowachekesha wenzake. Alitaka kujua ni kwa nini shule yetu ina kilabu cha uandishi wa habari na kilabu cha mazingira, ilhali ng'ambo ya barabara kuna kilabu kingine ambacho wao hukatazwa hata kukitupia jicho. Je, haya ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati tu, au ni neno moja lenye tabia mbili? Wenzake walicheka, lakini swali lenyewe halikuwa la kuchekwa. Nililijibu kwa ufupi siku hiyo kwa sababu kengele ililia. Leo napenda kulijibu kwa urefu, kwani naamini kwamba jibu lake linatuhusu sisi walimu na wazazi kuliko linavyomhusu mwanafunzi huyo.

Tuanze na asili. Neno la Kiingereza "club" lilitokana na lugha ya kale ya watu wa Skandinavia, ambako "klubba" lilikuwa gongo lenye kirungu kichwani. Naam, rungu. Kwa karne nyingi Waingereza waliliita rungu hivyo, na mpaka leo wanaliita hivyo. Ilipofika karne ya 17, neno hilo lilianza kutumiwa kwa watu waliokusanyika pamoja na kuchangia gharama, kama vile fimbo inavyokusanyika uzito wake mahali pamoja ikawa rungu. Watu hao walikutana kula, kunywa na kuzungumza. Kwa hiyo hata huko Uingereza kilabu hakikuwa mbali na chupa tangu mwanzo.

Neno lilipoingia Kiswahili lilikuta nyumba iliyokwisha kupangwa. Kiswahili hakipendi konsonanti mbili za namna hiyo zikisimama pamoja mwanzoni mwa neno, wala hakipendi neno limalizike kwa konsonanti. Basi kikachomeka irabu "i" katikati ya "k" na "l", kikatia irabu "u" mwishoni, na "kilabu" likazaliwa. Lakini jambo la ajabu lilikuwa bado. Wasemaji waliposikia silabi "ki" mwanzoni, waliichukua kuwa kiambishi cha ngeli ya KI-VI. Wakasema kilabu hiki, vilabu hivi. Ndivyo ilivyokuwa kwa neno la Kiarabu "kitab", ambalo kwetu limekuwa kitabu na vitabu, ingawa Mwarabu hajui kamwe kwamba neno lake lina "ki" inayoweza kung'olewa. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa mzunguko wa barabarani ambao Waingereza waliuwekea kibao cha kuwaamuru madereva wabaki kushoto: watu wakakisoma kibao na kusema kiplefti, na ilipojengwa mizunguko mingine wakasema viplefti. Mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi kwamba sarufi ni kitu hai kilichomo vichwani mwa watu wala si orodha ya kukariri, hana mfano bora kuliko huu.

Baadaye neno liligawanyika. Wapo wanaoandika "klabu" wanapotaja timu za kandanda na vyama vya michezo, na kuacha "kilabu" kwa pombe. Gazetini utasoma kuwa klabu fulani imemsajili mshambuliaji, lakini hutasoma kwamba mtu alileweshwa klabuni, isipokuwa kama ni ile ya muziki na taa za rangi ya mijini. Irabu moja tu, ile "i", imekuwa mpaka kati ya heshima na aibu. Klabu ni ya watu nadhifu. Kilabu ni cha walevi. Nani aliyeuweka mpaka huo?

Ili tujue, hatuna budi kuutazama wakati ambapo kilabu cha kwanza kilionekana katika nchi hii. Walowezi na maofisa wa kikoloni hawakukawia kujijengea vyao: Klabu ya Mombasa mwaka 1897, Klabu ya Nairobi mwaka 1901, na Muthaiga mwaka 1913. Mwafrika aliingia humo kwa mlango wa nyuma, akiwa amevaa kanzu nyeupe na kubeba sinia. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuketi. Isitoshe, hadi miaka ya 1940 sheria za kikoloni zilimzuia kununua bia ya chupa, na kwa vileo vikali alizuiwa hata baada ya hapo. Kampuni ya bia iliyoanzishwa nchini mwaka 1922, ambayo chupa zake zenye picha ya ndovu zinajulikana na kila mtu, ilikuwa ikimpikia mtu mwingine.

Hata hivyo serikali ya kikoloni ilitambua kwamba Mwafrika wa mjini naye alikunywa, tena ilitambua kwamba unywaji wake ungeweza kuleta fedha. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 baraza la mji wa Nairobi lilifungua ukumbi wa pombe huko Pumwani, kwa kuiga mfano wa mji wa Durban kule Afrika Kusini. Baraza ndilo lililopika, ndilo lililouza, na ndilo lililowakamata wanawake waliopika majumbani mwao na kuliharibia biashara. Faida iliyopatikana ilitumiwa kulipia huduma za Waafrika wale wale. Yaani mfanyakazi alikunywa ili apate choo cha umma! Mpango huo ulienea katika miji mingine, na baada ya uhuru tukaurithi kwa sura ya vilabu vya busaa vilivyopewa leseni. Kwa hiyo neno lile lililotoka Muthaiga liliteremka polepole, likavua tai na koti, likaketi juu ya benchi la mbao ndani ya kibanda cha mabati.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Tazama maneno yetu yote ya vileo na mahali pa kunywea. Pombe ni letu; tembo la mnazi ni letu, na mgema wake tumemtungia methali. Mvinyo tuliupata kwa Wareno. Bia, wiski na baa tulipewa na Waingereza. Baa yenyewe, kwa asili, ni kizuizi cha mti au chuma, kutoka Kifaransa cha kale: ile kaunta inayomtenga muuzaji na mnywaji. Ni neno hilo hilo linalotaja kizuizi cha mahakamani ambapo wakili hukubaliwa kuhudumu. Sasa jiulize: ikiwa tulikuwa na majina yetu ya kinywaji, mbona hatukuwa na jina letu la duka lake? Mbona tulilazimika kukopa kilabu na baa?

Jibu ni kwamba duka lenyewe halikuwapo.

Katika jamii ya Abagusii pombe ya wimbi iliitwa, na bado inaitwa, amarwa. Ilipikwa kwa sababu maalumu: harusi, matanga, tambiko, mapatano ya ndugu waliogombana, au kuwashukuru majirani waliokuja kulima pamoja katika ule ushirika wa kazi unaoitwa risaga. Wazee waliketi kuuzunguka mtungi mmoja, kila mmoja akiwa na mrija wake mrefu, na mahali pa mtu pa kuketi palipangwa kwa umri na undugu. Hapakuwa na kaunta. Hapakuwa na mlango unaofunguliwa saa fulani. Mtu hakusema "naenda mahali pa pombe". Alisema anaenda kwa fulani ambako kuna shughuli fulani. Pombe ilikuwa na sababu na ilikuwa na mwenyeji. Ilipokwisha, ilikwisha, mpaka wimbi jingine lichipue na kukauka.

Nisieleweke kwamba nauremba wakati uliopita. Walevi walikuwapo, na ugomvi ulikuwapo. Zaidi ya hayo, mpango ule uliwapendelea wazee wa kiume kupita kiasi. Mwanamke alilima wimbi, akaupalilia, akauvuna, akausaga, akaichemsha pombe na kuichunga kwa siku kadhaa, kisha mtungi ukabebwa mbele ya mumewe na rafiki zake. Kijana naye alisubiri zamu ambayo huenda ingemjia akiwa na mvi. Mwanahistoria Justin Willis, aliyeandika kitabu kizima juu ya historia ya vileo vya Afrika Mashariki kilichochapishwa mwaka 2002, ameeleza jinsi haki ya kunywa ilivyokuwa sehemu ya mamlaka ya wazee katika jamii nyingi za eneo hili. Mshahara ndio uliowavunjia mamlaka hayo. Kijana aliyerudi kutoka mashamba ya chai ya Kericho akiwa na shilingi mfukoni hakuhitaji ruhusa ya mzee yeyote ili anywe. Alihitaji tu mahali pa kununua. Na palipotokea mahali hapo, jina lake likaletwa pamoja nalo.

Kwa hiyo neno kilabu halikuja kutaja kitu kilichokuwapo bila jina. Lilikuja na kitu chenyewe. Pombe iliyokuwa na siku yake sasa ilikuwa na nyumba yake, na nyumba haina msimu. Hii ndiyo tofauti kubwa ambayo mjadala wa ulevi nchini huipuuza. Tunasikia kila mara kwamba "Waafrika wamekunywa pombe tangu jadi", kana kwamba hoja hiyo inatosha kuhalalisha lolote. Ni kweli walikunywa. Lakini hawakuwa na kilabu, na lugha zao zinashuhudia.

Kiswahili nacho hakikukubali kuyameza maneno ya kigeni pekee. Kilitafuta njia zake. Njia ya kwanza ni ya kiambishi "ni" cha mahali: kama tusemavyo sokoni na shambani, ndivyo tusemavyo ulevini na mangweni. Hili "mangweni" ni neno linalopendwa mno katika insha za wanafunzi wetu, na nitalirudia punde. Njia ya pili ni ya kihusishi "kwa", ambacho hutaja mahali kwa jina la mwenyewe: kwa mama pima. Mama pima ni mwanamke anayeuza chang'aa au busaa kwa kipimo, glasi kwa glasi. Jina lake limetokana na kitenzi kupima, na naomba msomaji alizingatie vizuri. Hakuitwa mama mlevi wala mama muuaji. Aliitwa kwa kazi ya mkono wake. Tena kwa kusema "kwa mama pima", msemaji amerudi bila kujua katika desturi ya zamani, ambapo pombe ilikuwa na mwenyeji na mahali pakaitwa kwa jina lake.

Njia ya tatu ni ya kujificha, na hii ndiyo inayonisumbua. Ndugu zetu wa Tanzania huita baa ndogo "grosari", neno ambalo kwa Kiingereza ni duka la unga, sukari na chumvi. Mume akimwambia mkewe kuwa anapitia grosari, hajasema uongo na hajasema kweli. Sisi wa Kenya tuna hoteli ambazo chai yake haijawahi kuchemka, na maduka ya vileo yenye vibao vya maneno mazuri ya Kiingereza. Mtu haambiwi amelewa. Ameambiwa amevaa miwani. Hanywi, anapiga mtindi, kana kwamba ni maziwa ya ng'ombe wa mjomba wake. Tafsida ni pambo la lugha na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni pale tafsida inapogawiwa kwa ubaguzi, wenye pesa wakapewa yote na maskini wakaachiwa matusi.

Hebu tazama mgao wenyewe. Anayekunywa wiski penye viti vya ngozi yuko klabuni. Anayekunywa bia ya chupa yuko baa. Anayekunywa bia ya pipa kwa kikombe cha plastiki yuko kilabuni. Anayekunywa chang'aa yuko mangweni, pangoni, kwa mama pima. Kinywaji kinachomlevya kila mmoja wao ni kile kile, lakini majina yanapanda na kushuka kama ngazi, na sheria imekuwa ikiifuata ngazi hiyo hiyo. Mwaka 1980 Bunge lilipitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Marufuku hiyo ilidumu miaka 30. Katika muda huo chang'aa haikutoweka hata siku moja. Kilichotoweka ni mwanga. Ikapikwa mitoni usiku, ikalipiwa hongo mchana, na wasio na haya wakaanza kuitia kemikali ili iive haraka na kukata kiu kwa bei ndogo. Kile kilichoitwa "kumi kumi", kwa sababu glasi iliuzwa kwa shilingi 10, kiliua zaidi ya watu 100 katika vitongoji vya Mukuru jijini Nairobi mwezi Novemba mwaka 2000, na wengine wakapofuka. Mwaka 2005 watu wapatao 50 walikufa katika eneo la Machakos. Mwaka 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa kwa siku chache.

Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo wananchi waliibandika jina la mbunge aliyeiwasilisha, John Mututho, iliifuta ile ya 1980. Iliruhusu chang'aa ipikwe na kuuzwa kwa leseni, katika chupa na kwa viwango. Iliweka saa za kawaida za baa kuwa kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana siku za mapumziko. Ilikataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na ikaamuru kwamba mahali pa pombe pasiwe karibu na shule kwa umbali usiopungua mita 300. Na bado, mwezi Februari mwaka 2024, zaidi ya watu 10 walikufa huko Kirinyaga kwa kinywaji chenye sumu walichouziwa katika baa. Katika baa, nasema, wala si mangweni. Jina zuri halikuwaokoa.

Sasa turudi Keroka. Mji wetu umekaa juu ya barabara ya Kisii kwenda Sotik, na umekaa pia juu ya mpaka wa kaunti mbili, Kisii na Nyamira. Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, kumekuwa na mvutano usiokwisha kuhusu nani mwenye haki ya kukusanya ushuru wa mji huu. Katiba ya mwaka 2010 ilizipa kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo. Unganisha mambo haya mawili uone yanakotupeleka. Mahali ambapo serikali mbili zinashindania ada, kila moja ina sababu ya kutamani leseni ziwe nyingi, na hakuna hata moja yenye hamu ya kwenda na utepe kuzipima zile mita 300. Wakati baraza la Nairobi lilipofungua ukumbi wa Pumwani, lilikuwa mlinzi na muuzaji kwa pamoja. Sisi tumempa mlinzi kazi ya kulipwa na muuzaji. Tofauti si kubwa.

Naziomba kaunti hizi mbili, kama zimeshindwa kukubaliana kuhusu mpaka wa ardhi, zikubaliane angalau kuhusu umbali kati ya shule na chupa. Mtoto anayevuka barabara asubuhi akiwa na mkoba mgongoni hajui amelala Kisii au Nyamira. Anajua tu harufu anayoipita.

Lakini nisiwalaumu wenye ofisi peke yao. Sisi walimu wa Kiswahili tuna sehemu yetu, nayo imo katika lile neno mangweni. Kila mwaka husahihisha mamia ya insha kuhusu madhara ya pombe. Karibu zote zina baba mmoja. Baba huyo hushinda mangweni, hurudi usiku wa manane akipepesuka na kuimba, humpiga mama, kisha huaga dunia katika aya ya mwisho. Mama pima naye hutajwa kama shetani mwenye kikombe. Lugha huwa safi, methali huwa mahali pake, na mtahini hutoa alama. Hapana ubaya katika kuwafundisha vijana hatari za pombe. Ni wajibu wetu. Ila miongoni mwa watoto hao wapo ambao karo yao imetoka katika kipimo cha mama pima.

Nilipata insha moja ya namna hiyo. Msichana aliyeiandika hakutumia neno mangweni hata mara moja. Aliandika "nyumbani". Alieleza kwamba watu huja nyumbani jioni, kwamba yeye hufanyia kazi zake za shule kwa jirani mpaka waondoke, kwamba polisi huja mwisho wa mwezi, na kwamba mama yake ameapa ataacha kazi hiyo siku ambayo mwanawe wa mwisho atamaliza shule. Hakuomba huruma wala hakuitetea pombe. Alisema tu kwamba anaichukia, na kwamba ndiyo iliyomnunulia kalamu aliyoishika. Katika miaka yangu ya kufundisha sijasoma insha iliyoshambulia ulevi kwa nguvu kuliko hiyo, kwani mwandishi wake alijua bei ya kila neno.

Je, tumfanyie nini mtoto kama huyo? Kwanza, tusimfundishe kudanganya kwa Kiswahili sanifu. Tunapompa neno mangweni na kumwambia kwamba humo wamo mashetani watupu, tunamtaka achague kati ya alama na mama yake. Tumfundishe badala yake kwamba mama pima ni mjane, au mke aliyeachwa, au mkulima ambaye robo ekari yake ya chai haiwezi kumlisha yeye na watoto watano; kwamba anavunja sheria, na kwamba sheria hiyo haikumwachia milango mingi. Wilaya zetu za Gusii ni miongoni mwa sehemu za mashambani zenye watu wengi zaidi kwa kila kilomita mraba nchini. Mashamba yamegawanywa mpaka yakawa vitalu. Anayetaka kumtoa mama pima kwenye pipa lake na ampe kitu cha kushika mkononi. Vikundi vya akina mama vya mikopo midogo, soko la ndizi lenye bei ya haki, na malipo ya chai yasiyochelewa vitafunga vibanda vingi kuliko msako wa machifu.

Pili, tuwafundishe wanafunzi kuuliza kila jina linaficha nini. Wenzangu wengine wamenishauri kwamba shule iache kabisa kusema kilabu, isema "chama", ili watoto wasichanganyikiwe. Chama ni neno zuri na ninalitumia. Hata hivyo siafiki kwamba tulifukuze kilabu shuleni kana kwamba neno lenyewe lina pombe ndani yake. Mwanafunzi aliyeuliza swali lile anastahili kujua kwamba neno ni moja, kwamba lilitoka kwenye rungu, likawa mkusanyiko wa watu wanaochangiana, kisha wakoloni wakalifanya geti la ubaguzi, na sisi wenyewe tukaliacha liwe benchi la kukimbilia matatizo. Maana yake ya katikati, ya watu kukutana na kuchangiana, bado iko na inaweza kurudishwa. Abagusii waliokuwa na risaga hawahitaji kufundishwa na mtu wa Skandinavia jinsi ya kuchangiana.

Na hapa naona upungufu ambao hauzungumzwi. Kijana wa Keroka akimaliza shule jioni, au akimaliza masomo kabisa asipate kazi, aende wapi? Kanisa limefungwa mpaka mwisho wa juma. Uwanja wa michezo umejaa matope au umenyakuliwa. Maktaba ya umma iko mbali. Mahali pekee palipo na taa, viti, televisheni na watu wa rika lake ni kilabuni. Wengi hawaendi kwa kiu. Huenda kwa upweke, na kiu huwajia humo humo. Tukitaka kuwaondoa huko, hatuna budi kuwajengea kilabu cha ile maana nyingine: ukumbi wa vitabu, wa mijadala, wa mazoezi, wenye taa ziwakazo hadi saa 3 usiku. Ada za leseni za vileo ambazo kaunti zetu zinazigombania zingetosha kuanzia. Kama wakoloni walijua kuchukua fedha ya pombe na kujengea vyoo, sisi tunashindwaje kuichukua na kujengea maktaba?

Mwanafunzi wangu, kama unasoma makala haya, jibu la swali lako ni hilo. Ni neno moja. Kilichobadilika ni watu walioingia ndani yake na sababu iliyowapeleka. Kengele ililia kabla sijakwambia kwamba hata kile kilabu chenu cha uandishi wa habari kina haki kamili ya jina hilo, tena ya zamani kuliko ya jirani zenu wa ng'ambo ya barabara. Kilindeni. Kutaneni humo, changianeni, na mmoja wenu aandike barua kwa serikali zote mbili za kaunti aziulize ni lini mara ya mwisho zilipozipima mita 300.